Nasomea kufundisha Kiingereza, nimebakiza mwaka, ila darasani nakwama. Nyie mlikosa kufundishwa nini?

chaki_mpya

Habari zenu jamani, wakubwa kwa wadogo.

Mimi nasoma ualimu chuo kikuu, masomo yangu mawili ni Kiingereza na Fasihi, nyumbani ni Busia upande wetu huu wa Uganda, kwa hiyo Kisamia nimekikuta nyumbani, Kiswahili nimekiokota sokoni, Kiingereza nilikutana nacho shule kama wengi wenu. Nimebakiza mwaka. Nataka kuuliza kitu na msinicheke.

Muhula uliopita nilikuwa skuli praktisi, S1 (sekondari mwaka wa kwanza), watoto 94. Lesoni plani naandika usiku mpaka taa ya sola inazima, kalamu rangi tatu, kila kitu. Nikafundisha prezenti pafekti, wakaimba wote kwa sauti moja "I have eaten, you have eaten, she has eaten", supavaiza akaandika vizuri sana, nami nikajiona titcha kweli. Mchana huohuo niko zamu ya chakula, nasimamia laini ya posho (ugali) na maharage, nikamwona kijana wangu mmoja wa S1 kasimama pembeni na sahani yake kifuani. Nikamuuliza "Haven't you eaten?" Akanijibu kwa heshima zote, "Yes, madam". Basi nikamwambia apishe wenzake. Jioni prifekti ananiambia yule mtoto kalala na njaa, alikuwa ananijibu ndiyo, sijala.

Banange. Nilikaa kitandani nikajiuliza hivi mimi nasomea nini. Miaka yote hii nimesoma fonolojia, naweza kukuchorea mdomo uliopasuliwa katikati na ulimi unagusa wapi kwa kila sauti, nadharia za kujifunza lugha nazijua kwa majina ya wenyewe, lakini hakuna siku mtu aliniambia kwamba mtoto wa huku ukimuuliza swali la kukanusha anaweza kuitikia swali lenyewe, wakati Kiingereza kinataka useme "No, I haven't". Na kibaya zaidi nilikuwa najua! Hujala? Ndiyo, sijala. Nasema hivyo kila siku ya Mungu. Nilijua ila sikujua kama najua.

Sasa swali. Nyie mlio kazini, au mnaosoma kama mimi, kama chuo kingewauliza walimu watarajiwa wa Kiingereza wafundishwe nini ambacho hawafundishwi, mngesema nini? Na mimi mwenyewe nifanye nini kabla sijarudi praktisi ya pili, nina kama miezi miwili.

mzee_wa_daftari

Binti yangu pole, na huyo kijana naye apewe pole.

Mimi ni Gredi Thrii wa zamani, yaani mwalimu wa cheti, nilianza praimari kabla ya UPE (elimu ya praimari bila ada) ya 1997, darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto 38 nikadhani ni wengi. UPE ilipokuja nikafungua mlango nikakuta zaidi ya 130, wengine wamekaa chini ya ubao kabisa ukigeuka na chaki unawakanyaga. Kwa hiyo nikiongea mambo ya mafunzo nakumbuka chumba kile, si semina.

Nyie wa chuo kikuu mnafundishwa Kiingereza. Hamfundishwi kufundisha KUSOMA. Tofauti ni kubwa kuliko mnavyodhani. Angalia mtoto anavyopita. Mtaala wa mada ulioanza 2007 unasema P1 mpaka P3 (praimari darasa la kwanza mpaka la tatu) afundishwe kwa lugha ya eneo lake, Kiingereza kiwe somo mojawapo tu, P4 ndio mwaka wa kuvuka, P5 kila kitu Kiingereza. Mjini wengi wanaanza na Kiingereza moja kwa moja, hao waache. Huku kijijini P4 kwenye karatasi ni mwaka wa kuvuka, darasani ni mtoto kasukumwa mtoni. Mwisho wa P3 alikuwa anajifunza udongo na mvua kwa lugha ya mama yake na anauliza maswali mpaka unachoka, akirudi kuanza mwaka anafungua kitabu cha sayansi anakutana na "soil erosion" na anakuwa bubu. Sio mjinga. Maneno yamemkimbia tu.

Sasa wewe mwalimu utamjuaje aliyezama? Hawa watoto wanaweza kukusomea ukurasa mzima kwa sauti tamu usijue kama hawajaelewa kitu, wameshika kwa kichwa. Mimi nafanya hivi, nafunika picha kwa kiganja, halafu namwambia soma sentensi hii, sasa nioneshe kwa mikono inasema nini. "The goat is under the table." Anayejua anainama. Asiyejua anaangalia jirani yake. Dakika moja unajua. Hakuna chati ya kwenye semina iliyonisaidia kuliko kiganja.

Na wale niliowakosa mimi ndio wanakufikia wewe S1. Mnadhani kazi ya kusoma tuliimaliza sisi praimari. Hatukuimaliza. Kwa hiyo nenda chuoni kwako uwaulize, mtoto wa miaka 14 asiyeweza kusoma "through" na "though" unaanza naye wapi bila kumwaibisha mbele ya wenzake? Wakikujibu uje unifundishe na mimi.

titcha_nakivale

Mzee kasema kweli, mimi niongeze upande wa huku kambini.

Nafundisha Isingiro, ndani ya Nakivale, darasa langu nusu ni watoto wa Kongo, kuna Warundi, kuna Wasomali, kuna Wanyankole wa vijiji vya jirani. Mtoto wa Kongo amefika akiwa kamaliza darasa la tano kwao kwa Kifaransa, hesabu anakushinda hata wewe, lakini kwa sababu hajui Kiingereza anarudishwa P2 anakaa na vitoto, magoti hayaingii chini ya dawati. Miezi sita wengine wanaacha shule wanaenda kuuza maandazi. Mafunzo yangu yote hakuna mtu aliyenitajia neno Kifaransa. Nilikuja kujifunza mwenyewe kwamba mtoto akiniandikia "actually" anamaanisha sasa hivi kwa sababu kwao "actuellement" ni sasa hivi, akisema "library" anaota duka la vitabu. Hapo hajakosea ovyo, kuna barabara kaifuata. Ukiijua barabara yake unamngoja mbele.

Kwa hiyo mimi chuoni ningeomba somo moja zito, tuwekewe mezani lugha za wanafunzi wetu tuzilinganishe na Kiingereza. Ile "Yes madam" yako ingekuwa lesoni ya wiki ya kwanza. Pamoja na he na she, maana sisi wote wenye yeye moja tunachanganya, unasikia mtoto anasema "my mother he is sick". Pamoja na kusikia. Kwa Kiswahili tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi, mtoto anakuja anakwambia "teacher I am hearing a bad smell" darasa linacheka na yeye hajui kwa nini.

Sasa mniache nitoe dukuduku langu. Nikiwa praktisi nilikuwa nafundisha tofauti ya "since" na "for", watoto wamekaza macho tu kama wanatazama mvua, nikasema sentensi mbili za Kiswahili, tangu na kwa muda wa, ukasikia darasa zima linafanya aaaaah. Ilikuwa raha. Supavaiza akanikata alama, kaandika ametumia lugha isiyo ya somo. Sentensi mbili! Na shule yenyewe mtoto akikamatwa anaongea lugha yake anavishwa gunia shingoni mpaka amkamate mwenzake ampokeze. Halafu Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe lazima praimari na sekondari, sasa hilo gunia tutamvisha nani.

Siombi ruhusa ya kufundisha Kiingereza kwa Kiswahili, msinielewe vibaya. Naomba tufundishwe LINI ya kutumia na LINI ya kufunga mdomo. Kwa sasa kila mtu anafanya kwa wizi, na cha wizi hakina ustadi.

polisi_wa_grama

Mnazunguka mbuyu. Shida ya kwanza ni Kiingereza cha mwalimu mwenyewe, semeni tu.

Mimi nimekaa stafu rumu miaka tisa. Mwalimu wa Kiingereza anamwambia mtoto "you first extend", akimaanisha sogea. Mtu hajaonekana wiki anaambiwa "you are lost". Unalima shamba lako unaambiwa "well done", kwa sababu Kiganda kina gyebale ko. Nje sawa, tunaelewana, mimi mwenyewe nasema. Ila huyu ndiye anayesahihisha insha! Na akishafuzu hakuna anayemtazama tena, hasomi hata gazeti, kitabu cha mwisho alikisoma kwa ajili ya mtihani. Tunafundishwa mbinu kumi na mbili za kufundisha kitu ambacho hatuna.

Kwa hiyo mimi nasema mafunzo yawe nusu nzima ni Kiingereza chenyewe, kuongea na kuandika kila siku, na mtu apimwe kwa kuongea, si kwa karatasi tu. Na matamshi. Mtu wa Kiganda anachanganya L na R, mtu wa Kinyankole anaita "lorry" "rorry", halafu anasimama mbele ya watoto.

chaki_mpya

@polisi_wa_grama umenigusa na siwezi kubisha, mimi mwenyewe nikiongea na mzungu natokwa jasho. Ila hiyo ya L na R sijui, mbona nimefundishwa na Muganda toka S1 mpaka S4 na yeye ndiye kanifanya nipende hili somo.

@titcha_nakivale hiyo ya "hearing a smell" nimecheka halafu nikakumbuka nilishaiandika kwenye insha ya S3 😂

madamu_wa_insha

Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha, mtaona kwa nini nataja.

Kwanza polisi, nusu nakubaliana nawe nusu hapana. Kiingereza cha mwalimu kipimwe na kilishwe, kabisa. Ila lafudhi achana nayo. Mkisema matamshi wote mnakimbilia L na R na "ship" na "sheep", mimi kwa uzoefu wangu kinachofanya mtu wetu asieleweke na mgeni mara nyingi ni mkazo. Sisi Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, hatuwazi. Kwa hiyo tunasema comforTAble, vegeTAble, tunalivuta neno mpaka liwe la kwetu, msikilizaji anapotea wakati kila herufi iko sawa. Hilo linafundishika wiki mbili kwa kupiga makofi, kofi kubwa penye mkazo, kofi dogo pengine. Watoto wanapenda. Lakini chuoni tunaandikishwa alama za fonetiki kwenye karatasi, vokali kama ishirini za Kiingereza mbele ya zetu tano, tunazichora vizuri kama ua, na hatufungui mdomo.

Pili ndilo langu hasa, hakuna aliyegusa. KUSAHIHISHA. Dada chaki umesema una watoto 94. Wape insha moja. Ukitumia dakika tano kila moja hizo ni dakika 470, karibu saa nane, na una stirimu (mikondo) nyingine mbili. Ndiyo maana walimu hawatoi insha, wanatoa jaza nafasi, halafu mtoto anafika S4 hajawahi kuandika kurasa mbili mfululizo. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nabeba madaftari kwenye gunia nyuma ya boda, narudi nayo nusu sijayagusa, watoto wakaniuliza madamu yetu wapi nikaona aibu ya kufa.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza na S1 wa 2020 umeongeza uzito. Kundi la kwanza lilifanya UCE, mtihani wa mwisho wa S4, mwaka 2024, mtihani unabeba asilimia 80 na ile 20 inatoka kwenye kazi za darasani, shughuli na miradi ambayo wewe mwalimu ndio unaisahihisha na kuitunzia kumbukumbu. Wazo ni zuri, nalipenda kwa kweli, mtoto anaandika barua ya kweli kwa elsiwani (LC1, mwenyekiti wa kijiji) kuhusu kisima badala ya kukariri barua ya mfano. Ila shule ilifungwa Machi 2020 mtaala una wiki chache tu, ikafunguliwa vizuri Januari 2022, sisi wengi tulirudi tukauanza kwa kubahatisha. Kwa hiyo nyie mnaosoma sasa mdai mfundishwe kutathmini. Mkae na rundo la insha halisi za watoto, mtoe alama kila mtu peke yake, mlinganishe, mgombane. Mimi siku ya kwanza kufanya hivyo na wenzangu insha ileile mmoja kaipa 8 mwingine kaipa 15 juu ya 20. Tulitazamana tu.

Ninachofanya mimi, chukua kama kitakufaa: kila insha nasahihisha kitu kimoja, wiki hii wakati wa kitenzi, mengine yote nayapita hata kama macho yanauma, na watoto wanajua mapema. Pili nasoma kwa kina 20 tu kila wiki, kwa zamu, wengine wanasomeana wawili wawili na mwenzake anapigia mstari sentensi moja aliyoielewa vizuri na moja ambayo hakuielewa. Sentensi ambayo mwenzako wa dawati hakuielewa inakuuma kuliko kalamu yangu nyekundu. Wazazi wengine walilalamika mwanzo, mbona kuna makosa hayajawekewa alama, hedimasta naye akaniita. Nikamwonesha madaftari ya Februari na ya Julai ya mtoto mmoja. Hakuniita tena.

boda_wa_zamani

Mnaongea mazuri yote lakini mbona mshahara hakuna anautaja. Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digirii alipandishiwa mpaka milioni 4, wa atsi (masomo ya sanaa) mwenye digirii kama yake akabaki na milioni moja na ushee, wakagoma Juni ile wakarudi mikono mitupu. Kiingereza ni atsi. Mimi nilisomea hilohilo somo, sasa naendesha boda Mbale, na abiria wazungu wananielewa vizuri tu 😅 Mfundisheni mtarajiwa na hilo.

mzee_wa_daftari

Boda, kweli na inauma, ila binti kauliza kitu kingine, usimvunje moyo.

Madamu hiyo ya kufanya kitu kimoja kwa insha naichukua mpaka P6.

titcha_nakivale

Na mimi naichukua. Hiyo ya makofi nilikuwa nafanya kwa nyimbo tu, sikuwaza kuipeleka kwenye neno mojamoja.

Polisi hajajibu, kaenda kutafuta kamusi.

polisi_wa_grama

Niko. Nimekaa hapa nasema comfortable comfortable mke wangu ananiangalia. Haya, lafudhi nimewaachia. Ila mwalimu asome! Hapo siondoki.

chaki_mpya

Asanteni sana jamani, nimenakili yote kwenye daftari. Nitakachofanya miezi hii miwili: naanza orodha ya mitego ya Kisamia na Kiswahili kwa Kiingereza, ya kwanza ni "haven't you", ya pili "hearing a smell", kama mna mingine niwekeeni hapahapa. Kuna rafiki zangu wanne wa darasa, tumekubaliana Jumamosi tusahihishe insha zilezile za praktisi iliyopita kila mtu kwa siri tuone tutaachana alama ngapi. Na nasoma kitabu kwa sauti kila asubuhi, polisi usiniulize ni kurasa ngapi.

Yule kijana nilimtafuta kabla sijaondoka. Nikamwambia ukiulizwa na titcha yeyote "haven't you eaten" wewe onesha sahani. Akacheka. Kisha nikamfundisha "No, I haven't", tukafanya mara kama kumi tumesimama pale jikoni, mpishi naye akaishika.

Mzee swali la mwisho, nataka kutengeneza chati za kusoma ila karatasi za manila ni ghali na praktisi iliyopita zililoa mvua siku ya pili. Wewe unatumia nini?

mzee_wa_daftari

Magunia binti. Ya sukari, yale meupe, waulize wenye maduka wanakuuzia kwa bei ya bure, ya mahindi usichukue yanafumuka. Fumua mshono, lioshe kwa sabuni mara mbili likauke kabisa, andikia upande wa ndani usio na maandishi. Kingo zipitishe kwenye mshumaa polepole ziyeyuke kidogo, hazitafumuka tena. Tumia rangi na brashi, marka inafutika. Langu la vokali lina miaka sita, nalikunja natia kwenye mkoba, mvua inalinyeshea nalipangusa.

Herufi ziwe kubwa kama kiganja. Kama una watoto 94 wa mwisho nyuma asikulazimu kumsogeza. Au kumwambia "extend" 😀